Bwana Afya Anapougua

Ndugu msomaji, juma hili naomba tuziache kidogo habari za bei ya unga na sare za shule, tuingie sebuleni, tulitazame lile tangi la kioo lililowekwa kando ya televisheni. Yamkini kwako halipo, lakini kwa jirani lipo, au kwa shemeji yako, au kwenye chumba cha kungojea cha daktari wa meno. Watoto hulipenda, wageni hulisifu, na mwenye nyumba hujisikia mtu wa starehe kidogo baada ya kutwa nzima ya kazi. Ila linayo hila moja. Kuku akiugua utamsikia akikoroma, na mbuzi akiugua atayakataa majani mbele ya macho yako. Samaki huugua kimya, nyuma ya kioo kinachomeremeta, na aghalabu siku ya kumtambua huwa ni ile siku ya mwisho.

Katika habari hii mimi mwenyewe ninalo deni, na naona afadhali nilikiri mapema. Samaki nitakayemsimulia aliponea chupuchupu, na waliomponza walikuwa wawili: wingi wa wenziwe, na ushauri wangu.

Rafiki yangu mmoja ni fundi katika karakana ya malori. Anakaa Tandika katika vyumba viwili na sebule, yeye na mkewe, watoto wanne, mama yake mzazi, na mdogo wake aliyekuja mjini kutafuta kazi. Miaka minne kabla ya mkasa huu alinunua tangi la samaki lililokwisha tumika, kutoka kwa mtu aliyekuwa akihamia mkoani. Urefu wake futi mbili, upana futi moja, kimo futi moja. Mle ndani akatia gapi wanne, wale vijisamaki vyenye mikia kama khanga iliyopepea, na kambare mmoja mdogo, urefu wake kama kidole.

Kambare huyo si yule wa mabwawani kwetu unayemjua kwa mchuzi. Asili yake ni mito ya Amerika ya Kusini. Mwili wake umevikwa mabamba magumu mithili ya ngao, na mdomo wake uko chini ya kichwa, umeumbwa kufyonza. Hujibandika nao kwenye kioo na kukwangua ukungu wa kijani siku nzima. Kwa sababu hiyo wauzaji humnadi kuwa ndiye mfanya usafi wa tangi. Binti mkubwa wa rafiki yangu, aliyekuwa na miaka sita wakati huo, aliposikia kazi ya mgeni huyo akampa jina papo hapo: Bwana Afya. Jina likashika nyumba nzima, hata bibi alilitumia.

Ikawa kila mwisho wa mwezi, mshahara ukitoka, baba akipita dukani hununua samaki mmoja au wawili, kama vile wengine wanunuavyo maandazi ya watoto. Wakaja samaki wa dhahabu wanne, wakaja malaika watatu wenye mapezi marefu. Wale gapi nao hawakungoja kununuliwa. Jike mmoja huzaa takriban kila baada ya majuma manne, na huweza kuihifadhi mbegu ya dume kwa miezi kadhaa, kwa hiyo hata ukimtenga ataendelea kuzaa. Kufikia Februari mwaka jana mle ndani mlikuwa na gapi zaidi ya ishirini, na Bwana Afya alikuwa ametimiza sentimeta 27.

Ndipo maji yakaanza kunuka. Rafiki yangu akanipigia simu. Watu hudhani kwamba mtu anayeandika ukurasa wa familia hana jambo la nyumbani asilolijua, nami, Mungu anisamehe, sikumkosoa. Kwa ujasiri wa mtu ambaye hajapata kufuga hata njiwa, nikamwambia: mwaga maji yote, sugua kioo, chemsha zile kokoto, lile sponji la kwenye chujio lifue bombani mpaka liwe jeupe, kisha jaza maji mapya. Akafanya kama nilivyosema, Jumamosi nzima, yeye na watoto. Kwa bahati nzuri walijazia maji ya pipa yaliyokuwa yamelala siku mbili. Jioni tangi liling'aa kama kioo cha kinyozi.

Jumatano gapi watatu wakaonekana wanaelea. Alhamisi alifuata samaki mmoja wa dhahabu. Ijumaa Bwana Afya hakuwapo tena kwenye kioo. Alikuwa amelala ubavu juu ya kokoto, mapezi ameyabana mwilini, tumbo lina michirizi myekundu, na kila baada ya muda mfupi anajikokota kwenda juu kutwaa hewa, kisha anaanguka tena. Kumbe siku moja nyuma walikwisha kwenda kwenye duka moja, wakauziwa chupa ya dawa ya kijani, wakamimina. Baada ya dawa hali ilizidi.

Jumamosi nilifika. Binti, ambaye sasa ana miaka kumi na huniita baba mdogo, alikuwa amekaa mbele ya tangi toka alfajiri. Hakuniamkia kama kawaida yake. Aliniuliza tu: "Baba mdogo, si wewe uliyesema tuoshe?"

Nilitoka nje nikampigia simu ndugu mmoja aliyesomea ufugaji wa samaki. Hakuniuliza dalili za ugonjwa. Aliniuliza mambo matatu: tangi lina ukubwa gani, wamo wangapi, na limesafishwa lini na kwa namna gani. Nilipolijibu la tatu, kulikuwa na ukimya kwenye simu, kisha akasema, "Basi hapo hakuna ugonjwa, kuna msiba wa maji. Nakuja."

Alipofika alitueleza, nami nitajaribu kukueleza, msomaji, kwa sababu ukilielewa jambo hili utakuwa umeelewa nusu ya ufugaji wa samaki. Shemeji yangu, mama wa nyumba hiyo, ambaye siku zote alilihesabu tangi lile kuwa mchezo wa mumewe, alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Aliwatazama wale samaki, akahesabu kwa midomo, kisha akauliza: "Na choo chao kiko wapi?"

Mtaalamu wetu alicheka, akasema kwamba hilo ndilo swali lenyewe. Samaki hunywa, hula, huvuta pumzi na kujisaidia mahali pamoja. Sehemu kubwa ya uchafu wake hata huioni, kwa maana hutoka kwa njia ya matamvua, yale mashavu yake ya kupumulia, ikiwa ni amonia, sumu inayounguza matamvua hayo hayo. Mtoni, maji huichukua ikaenda zake. Ndani ya tangi haina pa kwenda. Kinachowaokoa samaki ni viumbe wadogo mno, bakteria, wanaojijenga kwenye sponji la chujio, juu ya kokoto na kwenye kuta za kioo. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu: huiharibu damu ikawa ya kahawia, isiweze kubeba oksijeni, na samaki akakosa pumzi hata kama maji yamejaa hewa. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni nyepesi zaidi, na hiyo ndiyo tunayoitoa kila tunapopunguza maji na kutia mengine. Ule utelezi wa kahawia kwenye sponji, ambao mimi niliamuru ufuliwe mpaka uwe mweupe, ndio uliokuwa choo chao. Nao, ukishauawa kwa maji ya moto na kwa klorini ya bombani, huchukua majuma manne hadi sita kujijenga upya.

Tandika nzima ingefanyaje, shemeji akauliza tena, kama vyoo vyote vingebomolewa siku moja na watu wakabaki pale pale? Hakuna aliyemjibu.

Lakini usidhani kwamba kosa lilianzia kwangu peke yangu. Tangi la futi mbili kwa moja kwa moja hubeba lita 57 hivi likijazwa pomoni. Ukitoa kokoto na nafasi ya juu, yabaki kama 45. Ndani ya maji hayo, yanayokaribia ndoo mbili na robo za kawaida, waliishi samaki wanaokaribia thelathini. Samaki wa dhahabu ni wachafuzi wakubwa kwa kimo chao, tena hupenda maji ya baridi kuliko wenzake waliomo. Na kambare yule aliyenunuliwa kwa kazi ya usafi ndiye aliyekuwa mchafuzi kuliko wote: kiumbe anayekwangua mimea kutwa nzima hutoa kinyesi kirefu kama uzi, kutwa nzima vilevile. Hakuna samaki asafishaye tangi, msomaji. Yupo anayehamisha uchafu kutoka kwenye kioo kuupeleka kwenye maji.

Ongeza na joto la Februari. Maji ya nyuzi 20 za Selsiasi huweza kushika oksijeni miligramu 9 hivi kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hushika kama 7.5 tu. Na amonia ile ile, maji yakiwa ya moto zaidi, huwa kali zaidi. Kwa hiyo katika msimu ambao samaki anahitaji pumzi zaidi ndipo pumzi inapopungua na sumu inapozidi. Umeme nao ukikatika usiku, pampu ya hewa hunyamaza, na asubuhi una matanga.

Sasa nieleze tulivyofanya, ili nawe ukifikwa usianze kutapatapa kama sisi.

Kwanza dawa ilisimamishwa. Nyingi kati ya dawa zile za kijani na za buluu zimetengenezwa kuua vimelea na ukungu, na baadhi yake huua pia bakteria wachache waliosalia kwenye sponji. Tena jamii ya kambare kwa jumla hazistahimili dawa kama samaki wengine. Kipimo kinachomfaa mwenye magamba huweza kumlaza kambare. Kama hujui ugonjwa, usitie dawa. Madoa meupe kama chembe za chumvi ni ugonjwa, nyuzi nyeupe kama pamba ni ugonjwa. Lakini samaki wote wakitweta kwa pamoja baada ya tangi kusafishwa, hapo yashuku maji kwanza.

Pili, chakula kikasimama kwa siku mbili. Watoto waliona ni ukatili, mgonjwa kunyimwa uji. Lakini samaki mzima mwenye afya huweza kukaa siku kadhaa bila kula asidhurike, na kila punje unayotia hurudi kuwa amonia.

Tatu, maji. Hapa nilitegemea mtaalamu ataamuru yamwagwe yote tena. La hasha. Aliondoa lita 15 tu, kama theluthi, akazirudisha polepole kwa maji yaliyolala, yenye joto sawa na yale ya tangi. Kesho yake tena lita 15, na kesho kutwa, kwa siku kumi mfululizo. Alisema maji ya tangi lililosongamana, yakikaa muda mrefu bila kubadilishwa, huzidi kuwa na tindikali, na samaki huizoea polepole; kumtoa humo na kumtupa ghafla kwenye maji mapya ni kama kumtoa mtu jikoni kwenye moshi ukamtia kwenye barafu. Lipo na jambo lingine la hatari: katika maji yenye tindikali amonia hukaa katika hali ya upole, na tindikali ikipungua kwa ghafla hugeuka kuwa kali. Ndiyo sababu ya kidogo kidogo, kila siku.

Maji ya bomba hapa Dar es Salaam, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka Mto Ruvu, hutiwa klorini kwa usalama wetu, wala usiyamimine moja kwa moja tangini. Yaache kwenye ndoo iliyo wazi usiku na mchana mmoja, au utumie dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwa ajili hiyo. Maji ya visima vya pwani uyaonje kwanza. Mengi yana chumvi. Na ndoo ya samaki iwe ya samaki, isionje sabuni asilani.

Mgonjwa mwenyewe alihamishwa. Hapa pana somo la mikono: usimtoe kambare wa namna hii kwa wavu. Anayo miiba migumu kwenye mapezi, hujitanua akiogopa, ikanasa, na katika kuinasua humjeruhi yeye na wewe. Mtaalamu alizamisha bakuli kubwa la plastiki, binti akamsukuma kwa kiganja taratibu, akaingia. Tulimpeleka kwenye pipa safi la lita 100 walilokuwa wakihifadhia maji ya kunywa, na nusu saa nzima tulimwongezea maji ya pipa kwa kikombe, kimoja baada ya kingine, kabla ya kumwachia. Tukatia pampu ndogo ya hewa, kipande cha chungu kilichopasuka ajifiche chini yake, na juu tukafunika kwa chekecheke, kwa maana huruka. Angalia vituko vya dunia: hospitali ilikuwa kubwa mara mbili kuliko nyumba aliyougulia.

Kisha mtaalamu akatoa kwenye mfuko kitu kilichofungwa ndani ya karatasi ya nailoni: nusu ya sponji chafu, la kahawia, linalonuka udongo wa mvua. Lilitoka kwenye tangi lake mwenyewe, lenye samaki wazima. Alilikata mara mbili, kipande kimoja kwenye chujio la tangi, kingine kwenye pipa. Ilikuwa ni kuazima choo kwa jirani, na katika yote aliyofanya siku ile sidhani kama lipo lililosaidia kuliko hilo. Ukiwa na rafiki mfugaji ambaye tangi lake halina ugonjwa, usione haya kumwomba uchafu wake.

Usiku ule umeme ulikatika saa tatu. Binti na baba yake walipokezana hadi saa sita, wakichota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu ili yabebe hewa. Bibi alisema tangu azaliwe hajaona mtu akikesha na kitoweo, lakini naye alikuwa macho.

Ipo alama moja niliyofundishwa, nami nakufundisha. Kambare wa jamii hii huweza kumeza hewa kutoka juu ya maji na kuivuta oksijeni kwa njia ya tumbo lake. Kwa hiyo ukimwona akipanda mara moja moja, kasi, na kurudi chini, usishtuke, ndivyo alivyoumbwa. Ukimwona anapanda kila dakika, au amebaki juu, jua ya kuwa maji ya chini hayampi pumzi. Binti alipewa daftari, akawa anahesabu. Siku ya kwanza mara nane katika robo saa. Siku ya tatu mara tatu. Siku ya tano alitiwa kipande cha tango kilichofungwa kwenye jiwe ili kizame, jioni taa zikiwa zimezimwa, kwa kuwa hawa ni walaji wa usiku. Asubuhi tango lilikuwa limebaki ganda, na binti akaja kunionyesha ganda hilo ofisini. Hapo ndipo aliponiamkia.

Ningeweza kuishia hapa, na wengi wanaoandika habari za kuponya huishia hapa. Lakini mgonjwa akipona, anarudi wapi?

Baba wa nyumba, nisahau kusema, alikuwa ametoa ahadi. Siku ile samaki walipokufa, watoto wakilia, aliwaahidi wote mbele ya bibi yao kwamba hakuna samaki atakayeondoka tena nyumbani humo. Ni mtu wa kushika neno lake, na mtaalamu alipomwambia kwamba lazima wapunguzwe aligoma. Akapendekeza achujie maji zaidi, anunue pampu kubwa zaidi, abadilishe maji kila siku maisha yake yote. Yote hayo yanasaidia, lakini hakuna pampu inayoongeza nafasi. Walibishana kiungwana hadi magharibi.

Aliyelimaliza shauri ni binti. Alikwenda kwenye sanduku la vifaa vya baba yake, akatwaa futi ya chuma, akapima upana wa tangi kwa ndani. Sentimeta 29. Kisha akasoma kwenye daftari lake: Bwana Afya, sentimeta 27. Akauliza, "Baba, akitaka kugeuka atageukaje?"

Fundi ni mtu wa vipimo. Aliishika ile futi muda mrefu, kisha akaikunja, akasema, "Haya."

Kambare huyu, msomaji, hufika sentimeta 40 na kuzidi, na huweza kuishi zaidi ya miaka 10. Lakini anapouzwa ana urefu wa kidole, na hakuna anayekuambia. Ukimtaka, uwe na tangi la mamia ya lita, au usimtake.

Binti alishauri akaachiwe Mto Kizinga, akaishi huru. Ni wazo la huruma, na wengi wenu mmelifikiria. Tafadhali msilitende. Samaki hawa waliotupwa mitoni na wafugaji, au waliotoroka, wamezaana Florida, Meksiko na Ufilipino, wakachimba mashimo ya kutagia kwenye kingo mpaka zikamomonyoka, na wakawabughudhi wavuvi kwa kuchana nyavu zao. Nasi tunao mfano wetu. Sangara alipandikizwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu, samaki wa asili wa ziwa hilo, zilikuwa zimetoweka machoni pa wavuvi. Hata yule gapi mdogo asimwagwe mtaroni.

Basi waligawanywa hivi. Samaki wa dhahabu watatu waliosalia walikwenda kwenye kibwawa cha saruji cha shule moja ya msingi, ambako mwalimu wa bustani aliwapokea kwa furaha. Mmoja wao alikuwa na vidonda ubavuni, nasi tulidhani ni ugonjwa. Mtaalamu alisema ni Bwana Afya aliyekuwa akimfyonza ute usiku kwa njaa. Malaika walipata tangi refu kwa mtu mwingine. Gapi majike wote mtaalamu aliondoka nao.

Bwana Afya alikaa majuma saba kwenye pipa. Alizidi uzito, michirizi ya tumboni ikafutika, na rangi yake ya kahawia yenye madoa ikarudi. Ikapatikana nyumba moja Kigamboni yenye bwawa la saruji uani, lina maji lita elfu kadhaa na kivuli cha mwembe, na mwenyewe ni mzee mstaafu ambaye hana haraka na jambo lolote. Binti alikubali kwa sharti moja, kwamba ndoo aibebe yeye. Aliibeba mapajani ndani ya daladala, na juu ya kivuko, imefunikwa kwa khanga ya bibi yake. Kila abiria aliyeuliza alijibiwa kwa kirefu. Walipofika, mzee alimwachia ammimine kidogo kidogo, kikombe kwa kikombe, kama alivyofundishwa. Bwana Afya akatoka kwenye ndoo, akageuka, akazunguka ukingo mzima wa bwawa bila kugusa popote, akapotea chini. Binti alisubiri apande tena kutwaa hewa. Alisubiri robo saa nzima na daftari mkononi, asipande.

Lile tangi bado liko Tandika, kando ya televisheni. Lina gapi sita, wote madume, na mmea mmoja. Kila Jumapili nyingine huondolewa maji robo, yaani ndoo isiyojaa, na sponji hukamuliwa ndani ya ndoo hiyo hiyo ya maji ya zamani, mara mbili tatu, lirudi likiwa bado la kahawia. Ndoo ya maji mapya huwekwa jikoni tangu Jumamosi asubuhi, bila mfuniko, na mtoto mdogo amekwisha onywa asioshee humo vikombe.